Idadi ya Watu ni Kioo cha Riziki



Mwezi uliopita wazazi wa skuli moja ya msingi iliyo karibu na High Road, skuli ambayo kwa miaka mingi imetuazima chumba kwa ajili ya darasa letu la Kiswahili la Jumamosi, waliitwa mkutanoni. Walielezwa kwamba watoto wanaoandikishwa darasa la awali wanapungua mwaka hadi mwaka, kwamba fedha za skuli hufuata idadi ya watoto, na kwamba yamkini skuli hiyo ikaunganishwa na jirani yake. Tulipotoka nje, mama mmoja alituzuia mlangoni akasema: "Mwalimu, kila siku twaambiwa London imejaa, nyumba hazipatikani, kodi hazishikiki. Vipi tena skuli zikose watoto?"

Swali lake ni zuri kuliko maswali mengi tuliyowahi kuulizwa darasani katika miaka thelathini na zaidi ya ualimu. Tulimwahidi kwamba tutalijibu katika kurasa hizi, na leo tunatimiza ahadi. Jibu lake si la Tottenham peke yake. Linatugusa sisi tunaoishi hapa, linawagusa ndugu zetu walioko Unguja na Pemba, na linamgusa kila aliyekwisha kuuza mkufu wa mkewe ili anunue kiwanja nyumbani.

MILANGO MINNE

Kwanza tuelewane kuhusu hesabu yenyewe. Mji ni kama nyumba yenye milango minne. Watu huingia kwa kuzaliwa na kwa kuhamia. Hutoka kwa kufa na kwa kuhama. Mtu akikwambia kwamba mahali fulani watu wameongezeka, bado hajakwambia kitu mpaka aseme wameingia kwa mlango upi. Mahali panapojaa kwa sababu watoto wanazaliwa kwa wingi si sawa na mahali panapojaa kwa sababu vijana wanakimbilia kazi. Na mahali panapopungukiwa kwa sababu wazee wanafariki si sawa na mahali ambapo wenye nguvu wamefunga mizigo yao.

Wachumi huitazama hesabu hii kwa sababu moja nyepesi. Takwimu za biashara huweza kupambwa, na ahadi za wanasiasa ni upepo, lakini mtu hahamishi wanawe kwa sababu ya hotuba. Anapohama, amekwisha kupima mshahara, kodi ya nyumba, skuli, usalama na mustakabali wa watoto. Kwa hiyo miguu ya watu ni kura wasiyoweza kuiiba wengine. Ukijua watu wanaelekea wapi, na ni watu wa umri gani, umejua mengi kuhusu riziki ya mahali hapo kabla hujafungua kitabu cha bajeti.

Wala fikra hii haikuletwa na Wazungu. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Cairo mwaka 1406, aliieleza kwa kina katika Muqaddima yake aliyoiandika mwaka 1377. Alionesha kwamba mtu mmoja peke yake hawezi kujitosheleza hata kwa chakula cha siku, lakini watu wengi wakisaidiana kazi huzalisha zaidi ya haja yao, na ile ziada ndiyo utajiri wa mji. Kwa hiyo mji wenye watu wengi huwa na kazi za aina nyingi na starehe nyingi. Akaonesha pia upande wa pili: dhulma ikizidi na ushuru ukiwa mzito, watu hukata tamaa ya kuchuma, hutawanyika, na mji hubaki magofu. Sisi watu wa pwani tunao ushahidi wake Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta aliufikia mji huo mwaka 1331 akausifu kwa uzuri. Wareno walipouvamia mwaka 1505 na biashara ya dhahabu ikatoka mikononi mwa wenyewe, watu nao waliondoka. Leo msikiti mkubwa umesimama na majani.

TOTTENHAM YA JANA

Mtaa huu tunaoukaa nao una historia ya namna hiyo. Uingereza ilipofanya sensa yake ya kwanza mwaka 1801, Tottenham ilikuwa kijiji cha mashamba kando ya barabara, chenye watu wasiofika 5,000. Sensa ya 1901 ilikuta watu zaidi ya 100,000. Kilichotokea kati yake ni reli. Treni ilifika Tottenham Hale mwaka 1840, na mwaka 1872 ikapita Bruce Grove na Seven Sisters. Nauli za alfajiri zikawekwa chini kwa ajili ya wafanyakazi, na nyumba za matofali zikaota safu kwa safu. Nyingi ya nyumba hizo ndizo tunazopanga leo.

Kazi nazo zikafuata watu, na watu wakafuata kazi. Pale Tottenham Hale kulikuwa na kiwanda cha samani cha Harris Lebus, ambacho wakati mmoja kilihesabiwa kuwa kikubwa kuliko vyote vya aina yake duniani. Jirani yake, tangu mwaka 1906, kulikuwa na kiwanda cha David Gestetner, mhamiaji kutoka Hungary. Walimu wenzetu wa zamani watalikumbuka jina hilo. Ile mashine ya stensili iliyotuchafua vidole kwa wino kila wakati wa mitihani huko nyumbani ilikuwa kazi ya mikono ya watu wa mtaa huu, na kiwanda kile kiliajiri maelfu hadi miaka ya 1990.

Kisha upepo ukageuka. Baada ya Vita vya Pili, serikali ilijenga miji mipya kama Harlow na Stevenage ili kuipunguzia London mzigo. Bandari za London zikafungwa moja baada ya moja, na viwanda vikahamia kwenye ardhi ya bei nafuu. Harris Lebus walifunga kiwanda chao mwishoni mwa miaka ya 1960, na mahali pake pakajengwa nyumba za Ferry Lane. London nzima, iliyokuwa na watu wapatao milioni 8.6 mwaka 1939, ilishuka chini ya milioni 7 katika miaka ya 1980. Wengi wetu tulifika katika kipindi hicho au muda mfupi baadaye, na ndiyo maana tulipata pa kukaa. Walioondoka walituachia nyumba zao. London haikuifikia tena ile idadi ya 1939 mpaka mwaka 2015.

SKULI ZISIZO NA WATOTO

Sasa turudi kwa yule mama na swali lake. Sensa ya 2001 ilikuta watu 216,507 katika Haringey, ambayo Tottenham ni sehemu yake. Sensa ya 2011 ilikuta takriban 254,900, yaani ongezeko la karibu asilimia 18 ndani ya miaka kumi. Sensa ya tarehe 21 Machi 2021 ilikuta takriban 264,200, yaani ongezeko la asilimia 3.6 tu, ilhali London nzima iliongezeka kwa asilimia 7.7. Ile mbio imepungua.

Lakini jumla haitoshi. Lazima tutazame umri. Kati ya mwaka 2012 na 2021, watoto wanaozaliwa London kwa mwaka walipungua kwa asilimia 17, yaani zaidi ya watoto 23,000. Katika Uingereza na Wales mwaka 2024 kiwango cha uzazi kilikuwa watoto 1.41 kwa kila mwanamke, na ili kizazi kijirithi chenyewe panahitajika 2.1. Mtoto asiyezaliwa mwaka 2021 haonekani darasa la awali mwaka 2025 wala 2026. Hesabu hiyo kila mkuu wa skuli anaiona ikija kwa miaka minne kabla haijamfikia.

Na fedha za skuli hufuata kichwa cha mtoto. Kila mwezi wa Oktoba watoto huhesabiwa, na hesabu hiyo ndiyo inayokata fungu la mwaka unaofuata. Darasa lililojengewa watoto 30 likipata 20, fedha huja za 20, lakini mshahara wa mwalimu ni uleule, joto la chumba ni lilelile, na paa linalovuja halijui idadi ya waliokaa chini yake. Jirani zetu wa Hackney waliyaona haya mwezi Septemba 2024: skuli za De Beauvoir na Randal Cremer zilifungwa, na Colvestone na Baden Powell zikaunganishwa na nyingine. Southwark, Lambeth na Camden nako skuli za msingi zimefungwa kwa sababu hiyohiyo.

Basi vipi mji ujae na skuli zikose watoto? Jibu ni kwamba wanaoingia si wale wanaotoka. Tazameni yale majengo marefu yanayopanda Tottenham Hale. Vyumba vyake vingi ni vya mtu mmoja au wawili wasio na watoto, wenye mishahara ya kulipia. Wanaotoka ni akina sisi: baba, mama, watoto wanne na bibi. Kodi ikipanda, familia kubwa ndiyo ya kwanza kusukumwa ukingoni, na kila msomaji anaijua familia moja iliyokwenda Luton, Milton Keynes au Birmingham. Kwa hiyo mtaa unaweza kuonekana unatajirika katika vitabu vya uchumi, ilhali watu wake wenyewe hawakutajirika, wamebadilishwa. Hilo ni jambo tofauti kabisa, na jumla ya sensa peke yake haitalifichua.

VISIWANI KWETU

Tuvuke bahari. Sensa ya Tanzania ya mwezi Agosti 2022 ilikuta watu 61,741,120, na kati yao 1,889,773 wako Zanzibar. Miaka kumi kabla yake Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569. Visiwa vimeongezeka kwa asilimia 45 katika muda ambao London haikufikia asilimia 8.

Mkoa kwa mkoa, hesabu inasema mengi zaidi. Mjini Magharibi ulitoka watu 593,678 ukafika 893,169, ongezeko la asilimia 50. Karibu nusu ya Wazanzibari wote sasa wanaishi katika mkoa huo mmoja. Kaskazini Unguja uliongezeka kwa asilimia 37, Kusini Pemba kwa asilimia 39, na Kaskazini Pemba kwa asilimia 28 na nusu. Lakini uliokimbia kuliko yote ni ule ambao zamani ulikuwa mdogo na maskini: Kusini Unguja, kutoka 115,588 hadi 195,873, yaani karibu asilimia 70.

Aliyeondoka Makunduchi au Jambiani miaka arubaini iliyopita atashangaa. Ardhi ya huko ni mawe matupu. Watu waliishi kwa uvuvi, usumba na mwani. Wanawake hawajaanza kuzaa mara mbili kuliko wa Mkokotoni. Kilicholeta watu ni mahoteli ya Paje, Bwejuu, Michamvi na Kizimkazi. Mwaka 2024 wageni zaidi ya laki 7 walifika Zanzibar, na kila mgeni anahitaji mpishi, dereva, fundi na mlinzi. Vijana wametoka Unguja nzima, Pemba na Tanganyika kuifuata kazi hiyo. Huu ndio mfano safi wa idadi ya watu kuwa kipimo cha uchumi: hata kama hujaiona ripoti moja ya utalii, sensa peke yake imekwisha kukuonesha mahali fedha zilipoanguka.

Sasa tutazame upande wa pili wa kioo. Sensa ya 1958 iliwakuta Wapemba 133,858 katika watu 299,111 wa Zanzibar, yaani watu 45 katika kila 100. Mwaka 1988 walikuwa wapata 41 katika kila 100. Mwaka 2012 walikuwa 31, na mwaka 2022 walikuwa 29. Familia za Pemba si ndogo kuliko za Unguja. Basi fungu lao likipungua kwa zaidi ya miaka sitini mfululizo, maelezo yamebaki mlango mmoja tu, nao ni ule wa kutokea.

Sababu kubwa tunaijua. Karafuu nyingi ya Zanzibar ilikuwa ya Pemba, na mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, kwa ajili ya sigara zao za karafuu. Waindonesia walipopanda mikarafuu yao wenyewe wakajitosheleza, bei ilianguka katika miaka ya 1980, na mkulima aliyekuwa akiuza kwa shirika la serikali peke yake hakuwa na pa kukimbilia. Siasa nayo iliongeza chumvi kwenye kidonda. Mwezi Januari 2001 wengi walivuka bahari wakaingia Shimoni, Kenya, wakiwa wakimbizi. Watu wa Pemba wako Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, Maskati, na wengine wanausoma ukurasa huu.

BIBI NA WANAWE

Hapa tunaomba ruhusa ya kusimulia kidogo. Mwezi wa Agosti 1988, tukiwa walimu vijana, tulichaguliwa kuwa makarani wa sensa katika kijiji kimoja cha kaskazini ya Pemba. Tuliongozana na mjumbe wa nyumba kumi, tukiwa na fomu, penseli na kifutio. Kanuni ilikuwa moja: anaandikwa aliyelala katika nyumba usiku wa kuamkia siku ya sensa.

Tulifika kwa bibi mmoja aliyetukaribisha kwa maji ya dafu. Tulipomuuliza nani na nani kalala humu, alitutajia wanawe sita mmoja mmoja, kwa majina na umri. Tuliandika. Kisha mjumbe akatunong'oneza, nasi tukauliza tena: wako wapi? Wawili walikuwa Mombasa, mmoja Tanga, mmoja Maskati, na mmoja amekwenda mjini Unguja kutafuta kazi. Aliyelala ndani ni binti mmoja na mwanawe mchanga. Tukachukua kifutio.

Bibi akatazama mkono wetu, akasema: "Mwanangu, unanifutia wanangu?" Tukamwambia, "Hatuwafuti, bibi. Serikali inataka waliolala hapa." Akauliza: "Na wakilala kwengine, si wangu?" Hatukuwa na jibu. Tuliandika watu watatu, tukaaga.

Tulikuwa vijana, tukaona kwamba bibi hakuielewa sensa. Leo tunaona kwamba yeye ndiye aliyeielewa. Ile nafasi iliyobaki katika fomu baada ya kufuta, majina matano yaliyotoka, ndiyo iliyokuwa habari ya uchumi wa Pemba. Laiti pangekuwa na safu ya kuyaandika, serikali ingejua mwaka ule ule kwamba karafuu imekufa na kwamba wazee wanaishi kwa fedha zinazotoka Maskati.

TAHADHARI TATU

Ndugu wasomaji, kioo kinaonesha uso lakini hakisemi unaumwa nini. Kwa hiyo tutoe tahadhari.

Ya kwanza: wingi wa watu si utajiri. Walimu tuliwafundisha wanafunzi hesabu nyepesi: chukua 70, igawe kwa kiwango cha ongezeko la mwaka, utapata miaka ambayo watu watakuwa maradufu. Zanzibar inaongezeka kwa asilimia 3.7 kwa mwaka; 70 ukiigawa kwa 3.7 unapata miaka 19. Ina maana kwamba ili mambo yabaki yalivyo tu, bila ya kupiga hatua, kila skuli, kila kisima na kila kitanda cha hospitali lazima kipate mwenzake ndani ya miaka 19. Na uchumi ukikua kwa asilimia 5, fungu la kila mtu halikui kwa 5, bali kwa kiasi cha 1.3 tu, kilichobaki kimeliwa na midomo mipya. Wanaosema uchumi umekua waulizwe: umekua kwa kila kichwa, au kwa jumla?

Ya pili: watu waliokuja na kazi wataondoka na kazi. Oman ni mfano ulio karibu na nyoyo zetu. Sensa yake ya 2020 ilikuta watu zaidi ya milioni 4.4, na karibu 39 katika kila 100 walikuwa wageni. Idadi ya wageni hao hupanda na kushuka pamoja na bei ya mafuta. Vivyo hivyo Kusini Unguja: mwaka 2020 maradhi ya korona yalipofunga njia za ndege, mahoteli yalifunga milango na vijana wakarudi makwao. Anayenunua kiwanja Paje kwa sababu tu watu ni wengi ajiulize kama wengi hao wamekuja kuishi au wamekuja kufanya kazi ya msimu, na kama wenyeji wenyewe wamebaki na maji na ardhi.

Ya tatu: sensa ni picha ya siku moja. Ile ya London ilipigwa mwezi Machi 2021, katikati ya maradhi, wakati wanafunzi na vijana wengi wamerudi kwa wazee wao. Sehemu ya upungufu ulioonekana katika mitaa ya kati kama Westminster na Camden huenda ni ya siku zile tu. Picha moja haitoshi. Tazama picha mbili au tatu, ndipo utajua mtu anakwenda au anarudi.

FAIDA YA KUHESABIWA

Wapo miongoni mwetu wanaoiogopa fomu ya sensa. Wengine huificha bahasha nyuma ya kabati, na wengine huandika watu watatu katika nyumba ya watu saba kwa kumhofia mwenye nyumba. Tunaifahamu hofu hiyo. Waliotoka nchi zenye misukosuko wana sababu ya kuogopa karatasi za serikali. Lakini majibu ya sensa ya mtu mmoja hapa Uingereza hufungwa kwa miaka 100, na kinachotangazwa ni jumla tu.

Kinachopotea tukijificha ni fungu letu. Wenzetu wa Kenya wamelielewa hili. Katiba yao ya 2010 iliunda kaunti, na katika kanuni ya kwanza ya kugawa fedha baina ya kaunti hizo, idadi ya watu ilipewa uzito wa asilimia 45. Ndiyo maana hesabu ya watu huko huzua mabishano makali. Matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane za kaskazini yalifutwa, na kesi zikaenda mahakamani. Watu hawabishani juu ya kisicho na thamani.

Hapa petu nako, kaunsili hupanga vituo vya afya, nyumba na nafasi za skuli kwa kutazama hesabu. Tangu mwaka 2011 fomu ya sensa ina swali la lugha kuu ya kila mtu. Nyumba nyingi zetu baba anaandika Kiingereza kwa watoto wote, pengine kwa haraka, pengine kwa fahari. Kisha tunakwenda kuomba mkalimani wa Kiswahili hospitalini na tunashangaa kuambiwa kwamba wazungumzaji wake ni wachache. Hata katika historia ya dini yetu, imepokewa katika Bukhari kwa njia ya Hudhayfa kwamba Mtume, rehma na amani zimshukie, aliagiza yaandikwe majina ya waliosilimu, wakafika wanaume 1,500. Kuhesabiwa si bid'a wala si udhaifu. Sensa ijayo ya Uingereza na Wales imepangwa kuwa mwaka 2031, na tusingojee mwaka huo ndio tuanze kuzungumza na watoto wetu juu yake.

NA DARASA LETU?

Tumelianza jambo hili kwa skuli yenye chumba chetu, na hapo ndipo tutakapolimaliza. Juzi tulifungua madaftari ya mahudhurio ya darasa la Jumamosi, ya zamani na ya sasa. Zamani majina yalijaza kurasa mbili. Leo ukurasa mmoja haujai. Tulihuzunika, na fikra ya kwanza iliyotujia ni kwamba watoto wa siku hizi hawaipendi lugha yao. Kisha tukasoma majina moja moja, kama yule bibi wa Pemba. Familia hii iko Luton. Hii iko Enfield, karibu na mabasi mawili. Hii ilipewa nyumba ya muda na kaunsili nje kabisa ya London. Hii imerudi Dar es Salaam. Hawakuikimbia lugha; waliikimbia kodi ya nyumba.

Hilo linabadilisha dawa. Kama watoto wamechoka, tubadilishe mafunzo. Kama wamehama, tubadilishe mahali. Chumba cha skuli huenda tusiwe nacho mwaka ujao, na tukikaa kungoja Tottenham ya 1995 irudi, tutafunga darasa pamoja na skuli. Tuliwahi kuwa vijana wenye kifutio, tukafuta majina ya walioondoka. Tusilirudie kosa hilo kwa watoto wetu wenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza sensa ndogo ya kwetu wenyewe. Kila familia inayopokea jarida hili, iwe bado iko Tottenham au imehama, iandike katika kipande cha karatasi mambo manne: watoto wangapi, umri wa kila mmoja, mtaa au mji inaokaa sasa, na siku ambayo mtoto anaweza kuhudhuria. Majina si lazima. Karatasi hizo zikabidhiwe kwa yule anayewaletea jarida, kabla ya toleo lijalo. Tukijua kwamba watoto kumi wako Enfield, darasa liende Enfield. Tukijua kwamba wengi wametawanyika, kila mmoja na mji wake, basi tufundishe kwa simu jioni na tukutane ana kwa ana mara moja kwa mwezi. Na tukijua kwamba wenye umri wa miaka minne ni wengi kuliko tulivyodhani, tutakwenda kwa kaunsili tukiwa na hesabu mkononi, si malalamiko.

Na katika karatasi hiyo, ndugu wazazi, waandikeni watoto wenu wote, hata waliolala kwengine.

Wabillahi tawfiq.